Ganesh Chaturthi Nyumbani: Mwongozo Kamili, Kuanzia Udongo Hadi Maji

Ganesh Chaturthi ni sikukuu ya Wahindu ya kumwadhimisha Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, mwana wa Shiva na Parvati, ambaye huombwa kabla ya mungu mwingine yeyote kila panapoanzishwa jambo, liwe ni harusi, safari, biashara au mtihani, kwa kuwa yeye ndiye mwondoa vikwazo. Husherehekewa katika sehemu nyingi za India na popote Wahindu walikohamia, ikiwemo miji ya Afrika Mashariki, lakini kitovu chake ni jimbo la Maharashtra, hasa miji ya Pune na Mumbai. Mwongozo huu unafuata desturi ya Kimaharashtra. Umeandikwa kwa ajili ya familia inayotaka kumweka Ganesha nyumbani kwa mara ya kwanza, na pia kwa jirani, mwanafunzi anayesoma Pune, au mkwe aliyealikwa ambaye angependa kuelewa kinachofanyika mbele yake.

Jambo moja likieleweka, mengine yote hupangika. Katika siku hizi Ganesha huja kama mgeni: hukaribishwa mlangoni, hupewa kiti, huoshwa miguu, huvishwa, hulishwa, huimbiwa, kisha husindikizwa na kuagwa. Sanamu yake, ambayo waumini huiita murti, hufinyangwa kwa udongo kwa sababu imekusudiwa kurudi majini na kuyeyuka. Kwa hiyo anayepanga vizuri huanza na kuaga. Akishajua ni maji gani yatakayoipokea murti na siku gani, ndipo anapojua aina ya udongo, ukubwa wa murti, rangi na hata mapambo yanayofaa. Familia nyingi huanza na mapambo, na siku ya mwisho hujikuta na murti isiyoyeyuka popote.

Tarehe, saa na idadi ya siku

Sikukuu huangukia siku ya nne ya nusu angavu ya mwezi wa Bhadrapada, yaani siku ya nne baada ya mwezi mwandamo, na kwa kalenda ya kawaida huwa mwezi wa Agosti au Septemba. Mwaka 2024 ilikuwa tarehe 7 Septemba, mwaka 2025 ilikuwa tarehe 27 Agosti, na mwaka 2026 ni tarehe 14 Septemba. Tofauti na kalenda ya Hijria, ambayo huzunguka misimu yote, kalenda ya Kihindu hufuata mwezi lakini hujirekebisha na jua kwa kuongeza mwezi mzima takriban kila baada ya miaka mitatu. Mwaka 2026 una mwezi huo wa ziada, na ndiyo sababu sikukuu imesogea hadi katikati ya Septemba.

Inaaminika kwamba Ganesha alizaliwa adhuhuri, kwa hiyo wakati unaopendekezwa wa kuanza ibada ni sehemu ya katikati ya mchana. Namna ya kuupata ni rahisi: chukua muda kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua mahali ulipo, uugawe katika sehemu tano zilizo sawa, kisha utumie sehemu ya tatu. Kwa Dar es Salaam katikati ya Septemba hesabu hiyo hutoa yapata saa 5 hadi saa 7:30 mchana. Usinakili saa zilizotangazwa kwa ajili ya Mumbai. Tumia kalenda ya Kihindu, inayoitwa panchang, iliyokokotolewa kwa mji wako, kwa kuwa siku ya Kihindu huanza na kwisha kwa mwendo wa mwezi, wala haisubiri saa sita ya usiku.

Ganesha anaweza kukaa nyumbani siku moja na nusu, siku tatu, tano, saba, au hadi siku ya Anant Chaturdashi, ambayo ni siku ya kumi na nne ya nusu hiyohiyo ya mwezi. Kwa mwaka 2026 hiyo ni tarehe 25 Septemba. Familia nyingi za Kimaharashtra hurithi idadi hiyo kutoka kwa wazee wao na hazibadilishi ovyo. Kwa anayeanza, ninashauri siku moja na nusu bila kusita. Mgeni huyu hufanyiwa ibada asubuhi na jioni, hupikiwa kila siku, na kwa desturi haachwi peke yake katika nyumba iliyofungwa, mambo ambayo familia ya wafanyakazi wawili wenye watoto wa shule haiyawezi kwa siku kumi bila msaada wa ndugu.

Chagua maji, ndipo uchague murti

Maji ya kuagia ni ya namna tatu: ndoo au beseni nyumbani, bwawa la muda lililojengwa na jumuiya au manispaa, na maji ya asili kama mto, ziwa au bahari. Ndoo ni chaguo halali kabisa, wala si la watu wavivu. Katika miji ya Maharashtra familia nyingi sasa huaga nyumbani au katika mabwawa ya muda, kwa sababu mito na ufukwe vilielemewa na wingi wa sanamu.

Tatizo lilikuja na plasta, ile poda nyeupe ya jasi ambayo mafundi huitumia kuumba mapambo ya dari. Plasta ni nyepesi na rahisi kuliko udongo, hukauka upesi, na hutoa sanamu nyingi kwa kalibu moja, lakini ikizama majini hukaa miezi mingi bila kumong’onyoka, huku rangi zake za viwandani zikiingia majini. Bodi kuu ya udhibiti wa uchafuzi ya India ilitoa mwongozo kuhusu uzamishaji wa sanamu mwaka 2010 na kuurekebisha mwaka 2020, ikihimiza udongo wa asili na rangi zisizo na sumu. Maabara ya taifa ya kemia iliyoko Pune ilibuni njia ya kuyeyusha sanamu za plasta kwenye ndoo ya maji yaliyochanganywa na amonia baikaboneti, ambapo hubaki chokaa chini na maji yenye salfeti ya amonia, ambayo ni mbolea. Njia hiyo inamfaa aliyekwisha kununua plasta. Wewe ambaye bado hujanunua, nunua udongo.

Muulize muuzaji maswali mawili. La kwanza, je, huu ni udongo mtupu? Huko Maharashtra hutumika udongo mweupe mlaini unaoitwa shadu, na mji wa Pen katika wilaya ya Raigad unajulikana kote kwa mafundi wake wa murti. La pili, ambalo husahaulika zaidi nje ya India: je, umechomwa? Wafinyanzi wa Afrika Mashariki huchoma vyombo vyao, na udongo uliopita motoni umekwisha kuwa kigae, hauyeyuki tena hata ukikaa majini mwaka mzima. Ukimwagiza mfinyanzi wa kwenu, mweleze waziwazi kwamba unataka kazi iliyokaushwa kivulini tu, isiyochomwa.

Kwa nyumba, murti ya sentimita 15 hadi 25 inatosha. Huzama katika ndoo ya kawaida, hubebwa na mtu mmoja, na huyeyuka kwa saa chache au kwa siku moja. Angalia pia mkonga umegeukia wapi. Murti za nyumbani kwa kawaida huwa na mkonga uliogeukia kushoto kwake mwenyewe. Ule uliogeukia kulia huitwa Siddhivinayak, kama ilivyo katika hekalu mashuhuri la Prabhadevi mjini Mumbai lililojengwa mwaka 1801, na waumini huamini kwamba unadai masharti makali ya ibada, kwa hiyo haumfai anayeanza.

Ukitaka kuifinyanga mwenyewe

Kazi hii haihitaji ufundi mkubwa, na watoto huipenda. Chukua kilo mbili za udongo wa mfinyanzi, uukaushe, uuponde, uuchekeche ili kuondoa mawe na mizizi, kisha uuloweke usiku mmoja. Asubuhi ukande kama unga wa chapati kwa dakika 15 au zaidi mpaka usishike vidoleni na usipasuke unapokunjwa. Funika sehemu usiyoitumia kwa kitambaa chenye unyevu.

Tengeneza kwanza kibao cha chini chenye unene wa sentimita mbili. Juu yake weka tumbo, ambalo ni donge kubwa la mviringo, kisha miguu miwili iliyokunjwa, kisha mikono minne, kisha kichwa, masikio mapana na mkonga. Pembe moja huwa nzima na nyingine imevunjika, kwa kuwa Ganesha huitwa pia Ekadanta, mwenye pembe moja. Kila unapounganisha viungo, kwaruza pande zote mbili kwa kijiti, upake uji mzito wa udongo, kisha ubane. Kiungo kilichobandikwa bila kukwaruzwa huanguka kikikauka. Shingo ndiyo hatari zaidi, kwa hiyo chomeka kijiti chembamba cha mwanzi kutoka tumboni hadi kichwani kabla ya kuweka kichwa. Mkono mmoja hushika kamba, mwingine kichokoo cha kuongozea tembo, wa tatu kitamu kiitwacho modak, na wa nne huinuliwa kwa kubariki. Usisahau panya mdogo miguuni, kwa kuwa ndiye kipando chake.

Kausha kivulini kwa siku tano hadi saba bila kuianika juani hata kama una haraka. Nyufa ndogo zijaze kwa uji wa udongo kadiri zinavyojitokeza. Kwa rangi tumia manjano, udongo mwekundu, masizi na chokaa, au uiache bila rangi na kuipaka liwa tu. Macho huchorwa mwisho. Katika karakana za Pen kazi hiyo huachiwa wachoraji stadi, kwa sababu uhai wote wa uso hutegemea mstari wa macho. Ukikosea, futa kwa kitambaa chenye unyevu kabla rangi haijanywewa.

Mahali na vifaa

Tenga kona safi, mbali na choo na njia ya watu, ambapo kibao cha mbao au meza ndogo inaweza kukaa bila kuguswa. Murti huelekezwa mashariki au magharibi, na wengi huepuka kuielekeza kusini. Juu ya kibao tandika kitambaa kipya chekundu au cha manjano, mwaga mchele kidogo uwe kiti chake, na chini mbele yake chora rangoli, yaani nakshi za unga wa rangi. Mapambo yawe ya maua, majani, karatasi na kitambaa. Polistirini na nailoni hazina nafasi hapa, na karibu na taa za mafuta ni hatari.

Msomaji wa pwani atashangaa jinsi vifaa vya ibada hii anavyovijua tayari: nazi, tambuu, popoo, manjano, liwa, udi, kafuri, iliki, samli, asali, ndizi na majani ya mwembe. Ongeza unga mwekundu wa kipaji cha uso, yaani kumkum, mchele usiovunjika uliochanganywa na manjano, uzi mweupe wa pamba, taa ndogo ya samli, kengele, na chungu cha shaba. Chungu hicho hujazwa maji, huwekwa popoo na sarafu ndani, huzungushiwa majani matano ya mwembe mdomoni, na juu yake huwekwa nazi. Katika kununua kafuri kuwa mwangalifu, kwa kuwa vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo kabatini hufanana nayo na moshi wake ni sumu. Na ikiwa umezoea kafuri kuhusishwa na maziko, fahamu kwamba kwa Wahindu moto wake ni wa heshima, unaosifiwa kwa kuwaka bila kuacha majivu.

Maua apendayo Ganesha ni haibiskasi nyekundu. Majani ayapendayo ni durva, nyasi ya jamii ya ukoka itambaayo kwenye viwanja, ambayo huchumwa vichipukizi vichanga vyenye majani matatu au matano na kufungwa mafungu ya 21. Ichume asubuhi mahali ambapo mbwa hawapiti wala dawa ya magugu haijanyunyizwa, uioshe, kisha uifunge katika kitambaa kibichi. Majani ya tulasi hayatolewi kwa Ganesha kwa kawaida, isipokuwa siku hii, ambapo huhesabiwa miongoni mwa majani 21 ya mimea mbalimbali anayotolewa.

Modak

Chakula cha Ganesha ni modak, na kilicho bora ni kile cha kupikwa kwa mvuke. Hutolewa 21. Vipimo hivi hutoa takriban idadi hiyo, lakini ni vizuri kupika zaidi kidogo kwa sababu vichache vitapasuka.

Kuna nazi mbili mpya kwa mbuzi, ukichukua nyama nyeupe tu bila kufikia kifuu, upate vikombe vinne. Usizikamue tui. Weka kijiko kimoja cha samli katika sufuria pana, tia nazi na vikombe viwili vya sukari guru iliyosagwa, ukoroge kwa moto wa wastani. Mwanzoni sukari guru huyeyuka na mchanganyiko huwa majimaji. Baada ya dakika nane hadi kumi hukusanyika na kuacha kingo za sufuria. Hapo epua mara moja, kwa sababu ukizidisha utakuwa mgumu kama kashata. Tia iliki na kungumanga kidogo, uache upoe.

Kwa ganda, chemsha vikombe viwili vya maji pamoja na kijiko cha samli na chumvi kidogo. Punguza moto, mimina vikombe viwili vya unga laini wa mchele kwa mkupuo mmoja, koroga haraka, funika, uzime moto na usubiri dakika tano. Kisha ukande ungali moto, huku ukilowesha viganja kwa maji na samli, mpaka uwe laini kabisa. Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu: unga uliokandwa ukiwa umepoa hupasuka, na hakuna namna ya kuurekebisha baadaye isipokuwa kuupasha kwa mvuke na kuukanda upya. Unga wa mchele mpya wenye kunata kidogo hufaa kuliko wa mchele mkavu wa zamani.

Fanya donge la ukubwa wa ndimu, libonyeze katikati kwa vidole gumba huku ukilizungusha mpaka liwe bakuli jembamba, jembamba zaidi kwenye ukingo kuliko kwenye kitako. Kisha kwa ncha za vidole viwili na gumba bana ukingo kutoka nje, nafasi kwa nafasi, upate marinda manane hadi kumi na mawili. Tia kijiko cha nazi, kusanya marinda yote kuelekea juu ukizungusha polepole, uyafunge kwa ncha iliyochongoka. Chovya kila modak katika maji baridi, uipange juu ya jani la mgomba kwenye chekecheo la chuma lililokaa juu ya maji yanayochemka, ufunike, upike dakika 10 hadi 12. Ganda likiwa tayari hung’aa na halishiki kidole chenye maji.

Asionje mtu yeyote kabla ya kutolewa. Chakula chote cha siku hiyo hupikwa bila nyama, samaki, mayai, vitunguu wala vitunguu saumu.

Kumkaribisha

Murti huletwa siku hiyo au jana yake, ikiwa imefunikwa uso kwa kitambaa. Mlangoni aliyeibeba humwagiwa maji miguuni, murti huzungushiwa taa na kupakwa kumkum, kisha huingizwa kwa mwito wa “Ganpati Bappa Morya!” (Ganpati ni jina jingine la Ganesha), ambao wenyeji wote huuitikia kwa “Mangalmurti Morya!” na kuketishwa juu ya mchele. Kabla ya hapo kila mtu awe ameoga na kuvaa nguo safi.

Ibada yenyewe huongozwa na kuhani, au na mmoja wa familia akitumia kijitabu au rekodi. Anayeongoza huwasha taa, hunywa maji kidogo mara tatu, kisha hutaja nia yake kwa sauti: jina lake, mahali alipo, siku, na kwamba anafanya ibada hii kwa heri ya nyumba yake. Baada ya hapo huja hatua nzito kuliko zote, ya kumwomba Ganesha aingie katika murti. Hugusa kifua cha murti kwa ua au kwa durva huku dua ikisomwa, na wengine hugusa macho kwa durva iliyochovywa katika samli. Kuanzia hapo murti si udongo tena machoni pa waumini, na haisogezwi hata kidogo mpaka siku ya kuaga. Kwa hiyo hakikisha mapema kwamba kibao hakiyumbi na kwamba swichi ya taa haiko nyuma yake.

Kisha hufuata taratibu kumi na sita za kumhudumia mgeni. Huitwa, hupewa kiti, hutiliwa maji ya miguu, ya mikono na ya kinywa, kisha huogeshwa kwa maziwa, mtindi, samli, asali na sukari, na mwisho maji safi. Murti ya udongo haiwezi kuoga, kwa hiyo popoo moja au sanamu ndogo ya shaba huwekwa kwenye sahani mbele yake na kuogeshwa kwa niaba yake, huku murti ikinyunyiziwa matone machache tu kwa durva. Baada ya kuoga huvishwa kitambaa na uzi mtakatifu, hupakwa liwa na kumkum, hupewa maua na durva, hufukizwa udi, huonyeshwa taa, hulishwa modak, hupewa tambuu na popoo, huzungukwa na kusujudiwa. Katika kila tendo hutamkwa “Om Gan Ganapataye Namah”. Asiyejua Kisanskriti asome maneno hayo peke yake kwa utulivu, akifanya kila tendo taratibu. Hilo ni bora kuliko kukimbiza kurasa za dua ambazo hakuna anayezifuata.

Mwisho huimbwa aarti, wimbo wa sifa unaoambatana na kuzungusha taa. Ule wa Kimarathi unaoanza na “Sukhakarta Dukhaharta” unahusishwa na Samarth Ramdas, mtakatifu wa karne ya 17, na hauachwi katika nyumba yoyote ya Kimaharashtra. Sahani yenye moto hupitishwa kwa kila aliyehudhuria, naye hupitisha viganja juu ya mwali na kuvigusisha usoni. Ndipo modak hugawiwa.

Usiku huo waumini hawatazami mwezi. Inasimuliwa kwamba mwezi ulimcheka Ganesha, naye akaulaani, kwa hiyo anayeutazama siku hiyo husingiziwa jambo asilolitenda, kama mungu Krishna alivyosingiziwa kuiba kito cha Syamantaka. Aliyeutazama kwa bahati mbaya husikiliza kisa hicho cha Krishna, na ubaya humwondoka.

Siku za kukaa, na adabu za wageni

Kila asubuhi na jioni badilisha maua, ongeza durva, toa chakula, imba aarti. Maua ya jana yaweke katika kikapu chake, yasitupwe na takataka. Taa isiachwe ikiwaka bila mtu karibu.

Ukialikwa, piga simu kwanza, vua viatu mlangoni, na uje na nazi, matunda, maua au vitamu visivyo na mayai. Usiiguse murti. Chakula kilichobarikiwa pokea kwa mkono wa kulia, huku wa kushoto ukiwa chini yake. Mwislamu au Mkristo asiyetaka kushiriki ibada anaweza kuketi kimya pembeni, na hakuna mwenyeji muungwana atakayemlazimisha. Sikukuu hii imezoea watu wa kila namna. Ilikuwa ibada ya majumbani na ya mahekalu, ikilelewa pia na watawala wa Peshwa huko Pune, mpaka mwaka 1893 mpigania uhuru Bal Gangadhar Tilak alipohimiza isherehekewe hadharani mitaani, ili watu wa matabaka mbalimbali wakutane wakati ambapo serikali ya kikoloni ilitilia shaka mikusanyiko ya kisiasa. Majukwaa makubwa ya Mumbai ya leo, kama lile la Lalbaug lililoanzishwa mwaka 1934, yametokana na wito huo.

Kuaga

Siku ya kuondoka fanya aarti ya mwisho, toa mtindi na wali au pepeta, na uombe radhi kwa upungufu wowote wa huduma. Anayeongoza huweka mchele wa manjano juu ya murti, kisha huisogeza kidogo kutoka mahali pake. Msogeo huo mdogo ndio ishara kwamba Ganesha ameruhusiwa kwenda. Vua vitambaa, maua, vito na kila kitu kisicho udongo kabla ya kufika majini.

Kwa ndoo, jaza maji safi yatakayofunika murti yote, iweke ndoo kwenye uwanja au roshani iliyofagiliwa, uizamishe murti taratibu mara tatu na mara ya tatu uiachilie. Familia yote huita “Ganpati Bappa Morya, pudhchya varshi lavkar ya”, wakimwomba arudi upesi mwaka ujao. Usikoroge wala kuivunja kwa mkono. Iache iyeyuke yenyewe.

Wakaao pwani ya Afrika Mashariki na wanaotaka kuaga baharini wafuate kwanza sheria za mahali hapo, kisha wasome mwezi kama wavuvi wanavyousoma. Anant Chaturdashi hukaribia mwezi mpevu, kwa hiyo ni siku za bamvua: maji hujaa sana alasiri na kupwa mbali sana karibu na saa 4 usiku. Nenda maji yanapokaribia kujaa, kwa sababu murti iliyoachwa kwenye maji yanayopwa hubaki juu ya mchanga au mwamba, ikikanyagwa, jambo linalowaumiza waumini na kuwaudhi wengine. Kwa anayeaga siku ya saba ni maji mafu, na tofauti si kubwa. Aingie mtu mzima anayejua kuogelea, asivuke kiuno, na watoto wabaki ufukweni. Desturi ni kurudi nyumbani na konzi ya mchanga au udongo wa pale majini juu ya kile kibao, na kumalizia kwa aarti fupi mahali palipokuwa na murti.

Baada ya maji

Udongo wa ndoo ukishatuama, mwaga maji kwenye mimea na uuchanganye ule udongo katika chungu cha maua au uuhifadhi ukauke kwa murti ya mwakani. Maji ya chungu cha shaba hunyunyizwa vyumbani kwa jani la mwembe, na nazi yake huvunjwa na kuliwa kama chakula kilichobarikiwa, mradi haijaharibika. Mchele wa chini ya kiti huchanganywa na ule wa akiba jikoni. Popoo au sanamu ya shaba iliyoogeshwa kwa niaba ya murti hurudi kwenye madhabahu ya kila siku ya nyumba. Maua na durva vya siku zote, vikiwa vimeondolewa uzi wa nailoni na waya, hufukiwa kwenye shimo la mboji, na kama mnaishi ghorofani, mpelekeeni jamaa mwenye bustani siku iyo hiyo kabla havijaoza.